Tone la Bati, Leza na Chipu ya Simu: Mali Iko Wapi Hasa?

 

Kuna maswali mawili nimekuwa nikiulizwa sana na vijana hapa Ngamiani, hasa wale wanaoshinda kwenye intaneti kafe wakilinganisha simu. La kwanza: "Hivi wakisema chipu ya nanomita tatu, maana yake nini?" La pili huwa linafuata hapo hapo: "Na ni kweli madini ya simu yanatoka kwetu Afrika, halafu wenzetu ndo wanatajirika?"

Leo nayajibu yote mawili kwa mpigo, maana yanakutana sehemu moja. Yanakutana kwenye tone la bati lililoyeyushwa, tone jembamba kuliko unywele, linalopigwa na leza mara mbili likiwa bado hewani. Siyo filamu hiyo, ni kazi inayofanyika viwandani usiku na mchana, na bila hiyo chipu za kisasa kabisa zisingekuwepo. Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama muda wako wa kafe unakaribia kwisha, ihifadhi kwanza usome baadaye.

CHIPU HUCHAPWA KWA MWANGA

Chipu ni kipande cha silikoni, na silikoni asili yake ni mchanga. Ndani ya kipande hicho kuna swichi ndogo mno zinaitwa transista. Swichi ikiwaka ni moja, ikizima ni sifuri, na kwa hizo moja na sifuri simu inapiga hesabu, inacheza muziki na inafungua ukurasa huu unaousoma. Chipu ya A17 Pro ya Apple, iliyotoka mwaka 2023, ina transista bilioni 19 kwenye eneo la ukucha wa dole gumba. Bilioni kumi na tisa! Hakuna fundi wala roboti wa kuzipanga moja moja, kwa hiyo zinachapwa zote kwa pamoja, kwa kutumia mwanga.

Wale mliowahi kuona fulana za kampeni zinavyochapwa mtanielewa haraka. Kuna fremu yenye kitambaa, sehemu nyingine zimezibwa na nyingine ziko wazi. Unamwaga rangi, unavuta, na rangi inapita pale palipo wazi tu. Fulana ya kwanza na ya elfu zinafanana. Chipu ni hivyo hivyo, ila badala ya rangi unatumia mwanga, na badala ya fulana una kisahani cha silikoni kilichopakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga. Palipopigwa na pasipopigwa panatofautiana, halafu kemikali zinakula sehemu moja na kuacha nyingine. Unarudia tabaka juu ya tabaka, mara nyingi sana, mpaka chipu ikamilike.

Shida inakuja kwenye unene wa mwanga wenyewe. Mchora mabango ukimpa brashi ya kupaka chokaa, hawezi kuandika jina lako kwenye punje ya mchele hata awe bingwa wa mji mzima. Mwanga nao una "unene" wake, unaoitwa urefu wa wimbi, na unapimwa kwa nanomita. Ukiigawa milimita moja vipande milioni, kipande kimoja ndo nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa kama nanomita 80,000.

Kwa miaka mingi viwanda vimetumia mwanga wa nanomita 193. Ni mwanga usioonekana kwa macho, na ni brashi nzuri tu. Kwa ujanja mwingi umechora chipu ndogo sana, lakini ilifika mahali brashi ikawa nene mno kwa kazi iliyotakiwa. Ndipo watu wakaitafuta brashi ya nanomita 13.5, nyembamba mara 14 hivi. Mwanga huo kwa kifupi huitwa EUV.

Hapo naomba niweke wazi jambo moja. Lile jina "nanomita tatu" kwenye matangazo ya simu ni jina la biashara tu, hakuna kitu ndani ya chipu chenye kipimo hicho kamili. Kwenye chipu hizo, kutoka mstari mmoja wa waya hadi mstari wa pili ni zaidi ya nanomita 20. Bado ni kidogo cha kutisha, lakini msidanganyike na namba. Na simu nyingi za bei nafuu tunazonunua huku zina chipu za nanomita 12 au zaidi, zilizochorwa kwa ule mwanga wa zamani. Ila ukiiuliza ChatGPT swali ukiwa Tanga, kompyuta zinazokujibu kutoka ng'ambo zinategemea chipu zilizochorwa kwa EUV. Kwa hiyo hata mwenye simu ya bei ya chini anafikiwa na tone hilo la bati.

MWANGA MKOROFI

Huu mwanga wa nanomita 13.5 ni mkorofi kwelikweli. Hewa inaumeza, kioo cha kawaida kinaumeza, lenzi inaumeza. Karibu kila kitu kinaumeza! Kwa hiyo mashine yote lazima hewa ifyonzwe ndani yake, na kwa kuwa lenzi haziwezi kutumika, mwanga unaongozwa kwa vioo vya kuakisi tu.

Vioo hivyo havifanani na vile vya saluni. Vimejengwa kwa matabaka membamba ya molibdenamu na silikoni yanayopishana. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ndiyo inayovitengeneza, na inasema kioo chake kimoja kikikuzwa mpaka kiwe na ukubwa wa nchi ya Ujerumani, kilima kirefu kuliko vyote kingekuwa na kimo cha sehemu ya kumi ya milimita. Pamoja na ufundi wote huo, kila kioo kinarudisha asilimia 70 hivi ya mwanga, unaobaki unapotea. Sasa piga hesabu: vioo 11 mfululizo, kila kimoja kinameza asilimia 30. Mwishoni unabaki na asilimia 2 tu ya mwanga ulioanza nao.

Maana yake, mwanzoni kabisa unahitaji mwanga mkali mno. Na hakuna balbu duniani inayotoa mwanga wa aina hii. Njia iliyofanya kazi ni kutengeneza plazma.

PLAZMA MNAIJUA, HAMJAAMBIWA JINA TU

Shuleni tulifundishwa barafu, maji, mvuke. Kitu kigumu, kimiminika, gesi. Ukiendelea kuipasha gesi moto, au ukiipitisha umeme mkali, atomi zinaanza kuvuliwa elektroni zake. Unapata mchanganyiko wa elektroni zilizo huru na atomi zilizovuliwa. Hiyo ndo plazma, hali ya nne.

Jua ni plazma. Radi inayopiga baharini wakati wa masika ni plazma. Ndani ya taa ya tyubu kuna plazma. Na ule mwali mweupe unaouona fundi anapochomelea mageti ni plazma pia, joto lake linapita nyuzi 5,000.

Hapo kwa mafundi wa kuchomelea tusimame kidogo, maana pana la kujifunza. Mwali ule hautoi mwanga wa kuonekana peke yake. Unatoa pia mwanga usioonekana, ule wa urujuanimno, na ndo unaofanya macho usiku yawe kama yametiwa mchanga kwa mtu aliyeangalia bila kinga. Miwani ya jua ya mtumbani haitoshi, jamani. Vaeni kinga ya kazi hiyo, na watoto wasisimame pale kutazama. Kwenye makala yetu, somo ni hili: plazma ikiwa na joto kali inatoa mwanga usioonekana, na ukiongeza joto sana, mwanga huo unazidi kuwa wa wimbi fupi. Watengeneza chipu walihitaji plazma ya moto kupita kiasi, lakini ndogo, safi na inayodhibitika.

TONE LENYEWE

Sasa sikilizeni wanavyofanya.

Bati linayeyushwa. Bati linayeyuka kwa nyuzi 232 tu, kazi ya jiko la mkaa. Kisha linasukumwa kwenye tundu dogo sana linalotetemeshwa, likatoka kama matone yanayofuatana. Kila tone lina kipenyo cha maikroni 25 hadi 30, yaani kama theluthi moja ya unene wa unywele. Matone yanatoka 50,000 kwa sekunde moja, na yanakwenda kasi ya mita 70 hivi kwa sekunde, ambayo ni kilomita 250 kwa saa. Tone hilo lingekuwa basi, Tanga mpaka Dar lingetumia chini ya saa moja na nusu.

Kila tone linapigwa na leza mara mbili. Pigo la kwanza ni dogo. Linalibonda tone mpaka linakuwa bapa kama chapati. Kwa nini? Kwa sababu chapati ina eneo kubwa la kupokea moto kuliko donge. Kisha, muda mfupi sana baadaye, linakuja pigo la pili, zito, kutoka kwenye leza ya kabonidayoksaidi. Chapati ile inageuka plazma papo hapo. Joto lake linafikia kama nyuzi 220,000. Uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi, kwa hiyo zidisha mara 40!

Plazma hiyo inaishi kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kufikiria, inatoa mwanga wa nanomita 13.5, na inakufa. Kioo kikubwa chenye umbo la bakuli, kipenyo chake kama sentimita 65, kinakusanya mwanga huo na kuupeleka mbele. Wakati huo tone linalofuata limeshafika. Mara 50,000 kila sekunde, saa 24.

Mliokulia kwenye miembe mnajua kulenga embe kwa manati. Embe limetulia, na bado unakosa. Hawa wanalenga kitu kidogo kuliko vumbi, kinakwenda kasi ya kilomita 250 kwa saa, na lazima wakipige mara mbili, pigo la pili likikuta lile la kwanza limekwisha kukitandaza vizuri. Wakikosea kidogo tu, mwanga unafifia na chipu zinaharibika.

KWA NINI BATI NA SIYO KITU KINGINE

Walijaribu vitu vingine. Gesi ya zenoni ilijaribiwa sana mwanzoni, maana ni safi na haichafui vioo. Lakini kwenye wimbi la nanomita 13.5 ilitoa mwanga kidogo mno kulinganisha na nishati iliyotumika. Litiamu nayo ilijaribiwa.

Bati lina bahati ya kimaumbile. Atomi yake ikivuliwa elektroni 8 mpaka 14, inatoa mwanga mwingi karibu kabisa na nanomita 13.5, na hapo hapo ndipo vile vioo vya molibdenamu na silikoni vinapoakisi vizuri. Kufuli na ufunguo. Hata hivyo, ni asilimia chache tu ya nishati ya leza inayogeuka kuwa mwanga unaotakiwa. Leza ina nguvu ya zaidi ya kilowati 20, na mashine zilizoanza kazi viwandani zilikuwa zinapata wati 250 hivi za EUV.

Bati lina ubaya mmoja: linachafua. Kila tone linalolipuka linarusha vumbi la bati kuelekea kwenye kioo cha mamilioni. Dawa yake ni gesi ya haidrojeni kidogo inayopitishwa ndani. Haidrojeni inapunguza mwendo wa chembe za bati, na zile zilizoshika kwenye kioo inaungana nazo zikawa gesi, kisha gesi inafyonzwa nje. Yaani kioo kinasafishwa mashine ikiwa kazini.

MIAKA THELATHINI NA TATU

Msidhani jambo hili lilitokea ghafla. Mwaka 1986 Mjapani Hiroo Kinoshita, akiwa kampuni ya NTT, aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba ameweza kupata picha kwa mwanga wa aina hii kwa kutumia vioo. Wengi hawakumwamini. Baadaye maabara za Marekani, Ulaya na Japani zikaingia kazini. Kampuni ya ASML ya Uholanzi, makao yake mji wa Veldhoven, ndiyo iliyong'ang'ania mpaka mwisho. Tatizo kubwa lilikuwa chanzo cha mwanga, yaani haya matone. Miaka ilipita, ahadi zilivunjwa, wati zilikuwa hazitoshi. Mwaka 2013 ASML iliinunua Cymer ya San Diego, Marekani, iliyokuwa ikihangaika na matone. Leza inatoka TRUMPF ya Ujerumani, nayo peke yake ina vipande zaidi ya 450,000. Mwaka 2017 wakafikisha wati 250. Mwaka 2019 chipu za simu zilizochorwa kwa EUV zikaanza kuuzwa kwa wingi, za Samsung na zile zinazotengenezwa na TSMC ya Taiwan.

Kutoka 1986 mpaka 2019 ni miaka 33. Mtoto aliyezaliwa siku Kinoshita anazungumza, alikuwa mtu mzima mwenye familia teknolojia ilipoingia sokoni.

Mashine moja ina uzito wa tani 180 na inasafirishwa kwenye makontena 40. Bei yake inazidi dola milioni 150, na aina mpya inazidi dola milioni 350. ASML peke yake ndiyo inayoziuza duniani, na tangu 2019 serikali ya Uholanzi haijaruhusu zipelekwe China. Mnaona mambo? Tone la bati limekuwa suala la siasa za wakubwa.

SASA TUJE KWENYE BATI LETU

Huku Pwani ukitaja bati, mtu anafikiria paa. Lakini mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki, siyo bati lenyewe. Bati halisi utalikuta kwenye kopo la nyanya, limepakwa juu ya chuma lisishike kutu. Na utalikuta zaidi kwa fundi simu. Ule waya laini anaouyeyusha kwa pasi ya kuchomea, lehemu, sehemu kubwa ni bati. Ya zamani ina bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, ile isiyo na risasi karibu yote ni bati. Kama nusu ya bati lote duniani huishia kwenye lehemu. Kwa hiyo fundi aliyekaa na kimeza chake barabara ya kumi na mbili anayeyusha kila siku madini yale yale yanayopigwa leza.

Linatoka wapi? China, Indonesia, Myanmar na Peru ni wachimbaji wakubwa. Lakini na kwetu lipo. Kyerwa, mkoa wa Kagera, wachimbaji wadogo wamekuwa wakilichimba tangu enzi za Mwingereza, kwa sululu na beleshi. Rwanda wanalo. Na Kongo Mashariki wanalo kwa wingi.

Huko Kongo kuna mahali panaitwa Bisie, wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Miaka ya 2000 maelfu ya vijana walichimba pale kwa mikono, wakabeba magunia ya kilo 50 kwa miguu kupita msituni, huku wenye bunduki wakitoza ushuru njiani. Mwaka 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji kwenye mikoa ya Kivu na Maniema kwa miezi kadhaa, na mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka kwenye vita vya Kongo. Baadaye kampuni ya Alphamin ilijenga mgodi wa mashine na kuanza kuzalisha mwaka 2019. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati.

Tarehe 13 Machi 2025 mgodi ukafungwa. Waasi wa M23 walikuwa wanasonga kuelekea Walikale, na siku chache baadaye wakauchukua mji. Bei ya bati ikapanda kwenye soko la dunia. Waasi walipoondoka Walikale, mgodi ulianza kurejea kazini Aprili. Mgodi mmoja msituni ukifungwa, wafanyabiashara wa London wanashtuka.

Hapo ndipo mtu anasema: "Si nilikwambia! Bila sisi hawawezi kitu. Tuzuie bati letu, watapiga magoti." Nimesikia maneno hayo vijiweni, na yanafanana na yale tuliyoyasikia wakati wa sakata la makinikia mwaka 2017. Basi tupige hesabu.

HESABU YA DARASA LA SABA

Chukua tone kubwa, la maikroni 30. Ujazo wake ukizidisha na uzito wa bati (gramu 7 kwa sentimita moja ya ujazo), unapata kwamba matone milioni 10 ndo yanafika gramu moja. Matone 50,000 kwa sekunde, kwa hiyo gramu moja inaisha kwa sekunde 200. Siku nzima bila kupumzika ni gramu 432. Hata nusu kilo haifiki! Mwaka mzima ni kilo 158.

Bei ya bati mwaka 2024 ilikuwa inazunguka kwenye dola 30,000 kwa tani, sawa na dola 30 kwa kilo. Kilo 158 ni kama dola 4,700. Yaani mashine ya dola milioni 150 na ushee inakula bati la dola zisizofika 5,000 kwa mwaka. Bati la kwenye mashine husafishwa sana, kwa hiyo ni ghali zaidi ya hapo. Haya, zidisha mara kumi. Bado ni dola 47,000, hela ya gari moja zuri.

Tuendelee. Tuseme dunia nzima kuna mashine hizo 300, zote zinafanya kazi bila kusimama. Kilo 158 mara 300 ni tani 47 kwa mwaka. Sasa rudi Bisie: tani 17,000 ukigawa kwa siku 365, unapata tani 46 na kitu kwa siku.

Someni tena hapo. Bati lote ambalo mashine 300 zingelipua kwa mwaka mzima, mgodi mmoja wa Bisie unalitoa kwa takriban siku moja.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hili. Ndiyo, madini yapo kwetu, na kwenye lehemu yanahitajika kwa maelfu ya tani. Lakini utajiri wa chipu hauko kwenye bati. Uko kwenye kujua namna ya kulitoa tone, kulibonda liwe chapati, na kulipiga bila kukosa mara 50,000 kwa sekunde. Ujuzi huo hauchimbwi Kyerwa wala Walikale, na ukizuia bati lako, mwenye ujuzi atanunua kilo zake 158 Peru.

Sisemi wachimbaji wa Kyerwa waridhike na bei ndogo, wala sisemi kuyeyusha bati hapa hapa nchini hakuna maana. Bati lililoyeyushwa lina bei kuliko mchanga wake, na ajira zinabaki nyumbani. Na damu iliyomwagika Walikale haipungui uzito kwa sababu matone ni madogo. Ninachosema ni kwamba kuna ngazi, na kuuza udongo ni kidato cha kwanza tu.

NGAZI YA KUPANDIA

Kuna wanaokata tamaa hapa: "Basi sisi hatuwezi." Si kweli. Tazameni jirani zetu wa Kenya. Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inaitwa Semiconductor Technologies Limited inayojishughulisha na kutengeneza vipande vya silikoni. Haina mashine ya EUV, na haihitaji. Dunia bado inahitaji chipu za aina ya zamani kwa wingi sana: za mita za umeme, za magari, za redio, za vifaa vya hospitali. Hizo zinachorwa kwa brashi nene, na brashi nene ndiko kila mtu alikoanzia, hata hao Wataiwani.

Kwa upande wa leza, tangu 2003 kuna Kituo cha Leza cha Afrika, makao yake Pretoria, kinachounganisha watafiti wa leza wa nchi mbalimbali barani. Hapa kwetu Arusha tuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia kwa wanaotaka kusoma zaidi ya shahada ya kwanza. Na kabla ya huko kote kuna fizikia ya sekondari, ile ambayo wengi tunaikimbia tukifika kidato cha tatu kwa sababu mwalimu hayupo au maabara ina kufuli. Hilo la maabara na walimu ndilo lingestahili kelele zetu, kuliko kelele za kuzuia kilo 158.

Fundi simu aliyejifunza mwenyewe kubadilisha chipu kwenye bodi kwa hewa ya moto, akiangalia kwa lenzi, tayari ana nusu ya kinachohitajika: mkono mtulivu na uvumilivu. Nusu ya pili ni hesabu. Kama una mdogo wako wa hivyo, usimwambie aache "kuchezea masimu" akasome. Mwambie afanye vyote viwili.

Nawasilisha. Mwenye swali aulize hapo chini, na wale wa fizikia mliobobea, kama hesabu yangu ya matone mnaipiga tofauti, wekeni namba zenu tuzilinganishe. Mchango wa kutoka Kyerwa na Kongo naukaribisha zaidi, maana ninyi mnalijua bati likiwa bado udongo.